Ukuta Uliomsubiri Mtoto wa Hajra

Habari kwamba kituo chetu cha afya kitajengewa chumba cha upasuaji ilifika Namkongwa siku ya gulio, na gulio likavunjika. Wauza nyanya waliziacha nyanya chini. Mama mmoja alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Namwelewa. Namkongwa iko katikati, Nachingwea upande mmoja na Ruangwa upande wa pili, na kwa miaka yote mama aliyeshindwa kujifungua alilazwa nyuma ya gari lolote lililopatikana, huku ndugu wakibishana waelekee wapi. Wengine walifika. Wengine waligeuzwa njiani, wakarudishwa wakiwa wamefunikwa kanga mpaka usoni.

Kwa hiyo tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini katika furaha ile yote mtu mmoja tu aliuliza swali. Alikuwa nesi Teodosia Nicholaus, msimamizi wa wodi ya wazazi, na aliuliza mbele ya mkutano wa kijiji: "Wakati mnajenga, wagonjwa wangu watavuta hewa ya wapi?"

Watu walicheka. Mzee Jumaa, mwenyekiti wetu wa kijiji, akajibu kwa niaba ya wote: "Nesi, hewa ni ya Mungu, haina mkandarasi."

Teodosia naye alicheka, maana ana kicheko kinachosikika mpaka getini. Lakini hakukaa chini.

Alizaliwa Kiegei, binti wa mkulima wa korosho, akasoma shule ya misheni kisha chuo cha uuguzi. Ni mwanamke mrefu anayetembea kama mtu aliyechelewa. Nyumbani kwake huvuki kizingiti kabla ya kunawa, hata kama umekuja kudai kuku wako. Majirani humtania: "Nesi, hivi hata ugali wako huunyunyizia jiki?" Naye hujibu: "Ugali siunyunyizii. Wewe ndiye ninayekufikiria."

Wanaocheka hawajui alikotoka. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa hospitali moja mbali na huku, wodi ya watu walioungua moto. Nje ya dirisha la wodi ile mafundi walikuwa wakibomoa paa la zamani na kuranda mbao. Vumbi liliingia, likatua juu ya vidonda. Vidonda vilivyokuwa vikipona vikabadilika rangi, na wagonjwa waliokuwa wameanza kuketi vitandani wakalala tena, wengine wasiinuke. Teodosia alimuuliza mkubwa wake. Akajibiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu.

"Mimi ni Mkatoliki," aliniambia. "Mapenzi ya Mungu nayaamini. Lakini Mungu hakuranda zile mbao."

Tangu hapo alisoma kila alichoweza kuhusu namna maambukizi yanavyosafiri: kwa mikono, kwa maji, kwa vumbi. Alikwenda kozi, akarudi, akaomba mwenyewe kupangiwa huku kwetu. Nafundisha baiolojia katika sekondari ya kata, na nakiri kwamba niliyajua majina ya vijidudu vingi kabla sijamjua Teodosia. Nilichokuwa sijakiona ni mtu anayeviamini vijidudu kiasi cha kugombana na nyundo.

Ugomvi wenyewe ulianza mwezi wa saba, upepo wa kusi unapovuma na ardhi imekauka. Jengo jipya lilipangwa liungane na wodi ya wazazi. Mahali pa kuungana palikuwa na vyumba viwili vya zamani. Kimoja kilikuwa stoo, na dari yake ilitakiwa kung'olewa yote. Cha pili kilikuwa chumba cha watoto njiti. Ukuta wake wa nyuma ulitakiwa kuvunjwa uwe mlango wa kuingilia kwenye upasuaji.

Na chumba cha njiti hakikuwa kitupu. Alikuwamo Hajra, binti wa kijiji cha Likunja, na mtoto wake wa kiume aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, mwepesi kuliko kuku wa kienyeji. Mchana na usiku Hajra alikuwa amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya kanga. Akichoka, mama mkwe wake, bibi Mwanne, alimpokea na kumfunga kwenye kifua chake cha kizee. Hajra alikuwa ameshazika watoto wawili. Wa kwanza alifia barabarani, wakimkimbiza hospitali kubwa.

"Kwa nini msimhamishe huyu?" niliuliza baadaye, kama kila mtu anavyouliza. Jibu lilikuwa rahisi na la kukera. Hospitali za pande zote mbili zilikuwa zimejaa njiti, wawili wawili kwenye kitanda kimoja. Barabara ilikuwa ileile iliyomwua mtoto wa kwanza wa Hajra. Na hapa kituoni, nafasi pekee nyingine ilikuwa wodi ya watoto, iliyokuwa imejaa vikohozi na nimonia. Mtoto wa Hajra alikuwa na mahali pamoja tu pa kuishi duniani, na mahali hapo palikuwa nyuma ya ukuta unaosubiri nyundo.

Asubuhi waliyoanza na stoo, kijana mmoja wa ujenzi alipanda ngazi na mtaimbo, akang'oa ubao wa kwanza wa dari. Haukudondoka ubao peke yake. Kilidondoka kinyesi cha popo cha miaka mingi, kikavu, cheusi, na nyuma yake wingu la vumbi lililonyooka kwenye korido kuelekea kwa Hajra.

Teodosia alitokea akikimbia.

"Shuka!"

"Nesi, nimeshapanda."

"Ndiyo maana nakwambia ushuke. Ungekuwa chini ningekwambia usipande."

Fundi mkuu, Bashiri, alitoka nyuma akijifuta jasho. Huyu ni Mmatumbi wa Kilwa, fundi mzuri asiyejua kunyamaza, na tangu siku ya kwanza yeye na Teodosia walikuwa wakiitana mtani. Kwa mila zetu mtani ana ruhusa ya kukuambia yale ambayo ndugu yako hathubutu, na huruhusiwi kukasirika.

"Mtani, umeamka na nani leo?" alisema Bashiri. "Hilo ni vumbi tu. Sisi tumekula vumbi tangu utotoni na tumekua."

"Mmekula vumbi na mmebaki wafupi. Nawa mikono, njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka mpaka mlangoni kwa Hajra. Bashiri akaona kanga, na katika upindo wa kanga kichwa kidogo kama embe changa, na chini yake mbavu zinazopanda na kushuka.

"Kwenye mavi ya popo na mbao zilizooza huota ukungu," Teodosia alimweleza kwa sauti ya chini. "Ukiugusa mkavu, mbegu zake zinaelea hewani, huzioni. Wewe ukizivuta, kifua chako kinapigana nazo na kinashinda. Huyu hana bado cha kupigania. Zikimwingia, sina dawa yake hapa, na sidhani kama huko wanakokimbizwa watu ipo."

Bashiri alirudi nyuma hatua moja, mbali na mlango. Kisha akasema ukweli wake naye. "Sasa nifanyeje? Vijana wangu wote ni wa hapa. Nikisimamisha kazi wataingia mashambani kupiga salfa mikorosho, na mwezi huu ukimpoteza mtu shambani huji kumwona mpaka korosho zianguke."

Ikabidi wakae kikao. Walikaa kando ya lundo la mchanga: Teodosia, Bashiri, mzee Jumaa, na dakta Titus, mganga mfawidhi wa kituo, kijana wa rika langu mwenye wajibu mkubwa kuliko mabega yake. Titus alikuwa na hofu moja. Mgeni rasmi alikuwa ameshapangiwa siku ya kuja kuzindua.

"Nesi, tarehe imeshatangazwa," alisema.

"Na mtoto ameshazaliwa, dakta."

Kisha akawaambia anachotaka. Korido izibwe kutoka sakafuni mpaka juu, pasibaki tundu la kupitisha kidole. Mafundi wasikatize tena wodini, wapite geti la nyuma. Dari iloweshwe maji kabla haijaguswa, na kifusi kitoke kikiwa kimefungwa kwenye mifuko. Wodi isifagiwe, idekiwe. Na ule ukuta wa chumba cha njiti usiguswe kabisa mpaka mtoto wa Hajra afike kilo mbili, anyonye mwenyewe na aende kwao.

Titus alimtazama. "Kwa hiyo jengo zima linasubiri kitoto kinenepe?"

"Ndiyo, dakta. Ndiyo hasa."

Nataka kusimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sisi tunapenda sana majengo. Tunapenda jiwe la msingi lenye maandishi ya dhahabu, utepe, mkasi kwenye sinia, na picha. Jengo la afya likianza kuota, tunasahau kwamba ndani ya lile la zamani wamo watu wamelala, nao hawawezi kuinuka na kutupisha tujenge. Tunabomoa juu ya vichwa vyao tukiamini tunawasaidia. Mtu akifa katikati ya ujenzi hatuhesabu kwamba jengo limemuua. Tunasema alikuwa mgonjwa.

Titus, na hili nitamsifu nalo mpaka nizeeke, hakusema alikuwa mgonjwa. Alisema: "Turubai la kuziba korido yote tutalipata wapi? Kwenye makadirio halimo."

Hapo mzee Jumaa akachangamka. "Turubai? Kijiji hiki? Dakta, wewe umezaliwa wapi?"

Ni kweli. Ufuta ulikuwa umeshavunwa, na kila nyumba huku ina turubai la kuanikia ufuta na korosho. Mzee alipitisha tangazo, na watu wakaja kama wanavyokuja kwa nguvu za wananchi, kuchota mchanga au kubeba tofali. Waislamu na Wakristo, wazee na wanafunzi wangu, kila mmoja na turubai lake begani. Wanawake walikaa uwanjani na sindano za kushonea magunia, wakaziunga turubai zile. Vijana wakapigilia mabanzi kwenye fremu. Kabla ya magharibi korido ilikuwa imezibwa kwa ukuta wa buluu na kijani. Nilijivunia watu wangu siku ile, na bado najivunia, ingawa kesho yake asubuhi tulikaribia kumuua mtoto.

Hajra ndiye aliyeona kwanza. Mtoto alipiga chafya, akapiga tena, kisha pumzi zikaanza kwenda mbio. Macho yake madogo yalitoka machozi. Teodosia alikuja, akaweka kidole chini ya mbavu, akaona ngozi ikizama ndani kila mtoto anapovuta. Akaleta mashine ya oksijeni. Akapima joto, hakuna homa. Akatafuta vumbi kwa macho na kwa kiganja, kwenye madirisha, kwenye vyandarua, sakafuni. Sakafu ilikuwa imedekiwa alfajiri, inang'aa. Dari ya stoo ilikuwa haijaguswa tena. Alisimama mbele ya turubai zetu, pua ikikaribia kuzigusa, asione kosa lolote.

"Nesi, mwanangu anakwenda?" Hajra aliuliza. Aliuliza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeuliza gari la saa ngapi.

"Haendi. Mshike hivyohivyo, usimlaze."

Wakati huo Bashiri aliingia kwa mlango wa mbele, kinyume cha amri, kuuliza kama kazi ianze. Alifika katikati ya wodi akasimama. Akapiga chafya iliyotikisa vitanda.

"Mtani," alisema, "nikikuambia neno utanipiga?"

"Sema upesi, nina kazi."

"Mnanuka."

"Nani?"

"Ninyi wote. Wamwera wa huku mwezi huu mnanuka kiberiti kama mlango wa jehanamu. Tangu nimekuja nimekaa kimya kwa heshima. Lakini leo harufu iko humu ndani, na inatoka kwenye hizo turubai zenu."

Teodosia alizika pua kwenye turubai. Hakusikia kitu. Akapitisha kiganja kwenye mshono, akakigeuza. Kilikuwa cha njano.

Salfa. Unga tunaoupulizia mikorosho ili maua yasiharibiwe na ugonjwa. Mwezi wa saba unga ule uko kila mahali: kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye kurasa za madaftari ya wanafunzi wangu. Na kwa kuwa uko kila mahali, hakuna pua ya Namkongwa inayousikia. Tulikuwa tumetandikia mifuko ya salfa kwa turubai zilezile za ufuta, tukazibeba kwa upendo, tukazitundika hatua chache kutoka kwenye kifua kisichozidi kiganja. Tungekuwa na nia mbaya tusingeweza kupanga vizuri zaidi.

Teodosia hakutafuta mtu wa kumlaumu. Alimgeukia Hajra. "Hili nimelileta mimi. Nilitaka turubai, sikuuliza zimetoka wapi. Baba yangu alinilea kwa salfa, na nimeisahau harufu yake."

Aliyejibu ni bibi Mwanne, ambaye Kiswahili chake ni kifupi na hakipotezi muda. "Toa kwanza. Maneno nyuma."

Kijana mmoja alishika turubai avute. Teodosia akamzuia mkono. "Ukivuta unatikisa, ukitikisa unammaliza. Mtoto kwanza."

Ofisi ya dakta Titus iko upande wa kusi wa jengo, ule ambao upepo huufikia ukiwa bado safi. Titus mwenyewe alitoa meza yake nje, akatoa viti, akapiga deki sakafu kwa mikono yake huku suruali ameikunja. Wakamhamisha Hajra na mtoto na mashine, madirisha yakafunguliwa, mlango wa korido ukafungwa. Ndipo turubai zikaloweshwa zikiwa hapohapo zilipo, zikakunjwa taratibu kwa ndani, zikatolewa kwa geti la nyuma.

Bashiri aliwaita vijana wake. "Wekeni nyundo chini. Leo hatujengi, leo tunafua."

Mmoja akanung'unika kwamba hakuajiriwa kuwa dobi. Bashiri akamgeukia, na kwa mara ya kwanza sikusikia mzaha katika sauti yake.

"Mimi ni mtani wa watu hawa. Wakifiwa, kazi yangu ni kwenda msibani kuwachekesha, nilale juu ya mkeka wa marehemu, nidai chakula. Nimefanya hivyo kwa wazee na sikuona aibu. Kwa kitoto kile sitaki kazi hiyo. Beba turubai."

Tulifua kisimani mpaka jua likawa kali. Waliokuwa wametoa turubai walikuja wenyewe, wengine hawawezi kunyanyua macho. Mzee Jumaa alikuwa amepiga magoti kwenye matope akisugua la kwake. "Nililitandikia mifuko saba ya salfa," alisema. "Wala sikuwaza."

"Hata mimi sikuwaza, mzee," Teodosia alisema, "na mimi ndiye niliyesomea." Alikuwa amekuja kutuonyesha namna ya kusuuza, kisha akarudi mbio ofisini. Nilimwona akirudi na kwenda mara nyingi. Hakula. Kila aliporudi hakuna aliyethubutu kumuuliza, tulimtazama tu usoni, na uso ulikuwa umefungwa.

Ilikuwa baada ya adhuhuri alipokuja akitembea. Hakuwa anakimbia. Tulisimama wote.

"Pumzi zimepungua," alisema. "Amefungua mdomo, anatafuta ziwa."

Bibi mmoja alianza kigelegele. Teodosia akamnyamazisha kwa kidole. "Bado. Mtapiga siku ya kwenda Likunja."

Turubai zilikauka, zikatundikwa upya, lakini safari hii Teodosia alimsimamisha Bashiri mbele ya kila moja ainuse. "Wewe ndiye pua yetu," alimwambia. Bashiri akanusa kama mnunuzi wa pweza, akikataa moja na kupitisha nyingine, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ikaja zamu ya kulowesha dari ya stoo. Kijana mmoja akaitoa pampu yake ya mgongoni.

"Pampu ya nani?" Teodosia aliuliza.

"Yangu."

"Imepuliza nini?"

Kijana akaangalia chini. "Mikorosho."

"Rudi nayo."

Wakatafuta pampu mpya dukani, ikiwa bado kwenye boksi lake. Wakalowesha dari mpaka ikadondosha maji, wakaishusha ubao mmoja mmoja, kinyesi cha popo kikatoka kama tope ndani ya mifuko iliyofungwa midomo. Mafundi walifunga barakoa, nao walipotoka waliacha viatu vyao nje ya geti. Hajra na mtoto walirudi kwenye chumba chao baada ya kila kitu kudekiwa na Teodosia kupitisha kiganja chake kila pembe.

Ukabaki ukuta.

Jengo jipya lilipanda haraka. Kuta, lenta, paa. Kazi zote zilizoweza kufanyika bila ukuta ule zilifanyika. Kila asubuhi Bashiri alikuja dirishani kwa Teodosia, hana salamu nyingine.

"Mtani, ndugu yangu amefikia ngapi?"

"Ameongeza kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani? Mpeni uji!"

"Ukimpa uji nitakuzika kwenye zege lako."

Habari ikasambaa. Madereva wa bodaboda waliuliza. Wanafunzi wangu waliuliza katikati ya kipindi. Siku mtoto alipopungua badala ya kuongezeka, kwa sababu ya mafua ya mama yake, kijiji kizima kilikuwa na huzuni ya timu iliyofungwa. Teodosia alimfunga Hajra barakoa, akamwachia bibi Mwanne kazi ya kumfunga mtoto kifuani kwa siku zile, na akasimama mlangoni kama mgambo, akirudisha wageni waliotoka Likunja na mabeseni yao ya zawadi. "Salimieni kwa dirisha. Mkono wako, shangazi, umeshika nini kabla ya kufika hapa?" Shangazi aliondoka amenuna. Akarudi kesho yake, akasalimia kwa dirisha.

Kisha ikapigwa simu kutoka kwa wakubwa. Walitaka kujua kwa nini mlango wa upasuaji haujatobolewa na mgeni rasmi anakaribia. Nilikuwa pale ofisini kwa shida zangu nyingine, nikamsikia Titus. Mwanzo alisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Halafu akatazama mahali ambapo meza yake ilitolewa siku ile.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Kuna mtoto nyuma ya huo ukuta. Tukiuvunja sasa, tutamzindulia mgeni chumba cha kuokoa akina mama kwa kumuua mtoto wa mmoja wao. Naomba tusogeze." Akasikiliza. "Basi aje, auone ukuta ukiwa umesimama, nami nitamweleza sababu. Ndiyo. Jina langu mnalo."

Aliweka simu. Siku ya uzinduzi ikasogezwa. Sijui walimsema vipi huko juu, na yeye hasimulii.

Mtoto wa Hajra alifika kilo mbili akiwa ananyonya kwa kelele. Teodosia alimpima, akampima tena kwa mzani mwingine, kisha akamshikilia siku kadhaa zaidi, ili awe na akiba. Bashiri alikaribia kulia.

Asubuhi ya kuondoka, bajaji ilisubiri getini. Vigelegele vilivyokuwa vimezuiwa vilitoka vyote. Bibi Mwanne alikuwa ameketi ndani ya bajaji tayari, mtoto kifuani, akiwafokea watu wasisogee. Lakini Hajra aligoma kupanda.

"Nataka nione mkiuvunja," alisema. "Umenisubiri siku zote hizi."

Ndani, Bashiri alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta na nyundo yake kubwa, barakoa usoni, vijana na ndoo za maji pembeni. Chumba kilikuwa kitupu, vitanda vimetolewa, korido imezibwa. Teodosia alimwambia kwamba mama wa mtoto anaomba aone pigo la kwanza.

Bashiri aliweka nyundo chini, akatoka mpaka getini.

"Shemeji, panda bajaji."

"Pigo moja tu, fundi. Nitasimama mbali."

"Mbali ni Likunja. Upepo unavuma kuja huku getini, huoni mabua yanavyolala? Mimi sipigi nyundo mtoto yule akiwa anaonekana kwa macho."

"Jamani, ametimiza kilo—"

"Hata akitimiza mia. Panda!"

Hajra akapanda. Teodosia alicheka kile kicheko chake, akawafungia turubai la bajaji upande wa upepo kwa mikono yake mwenyewe, akampiga dereva begani kumruhusu. Ikaondoka, watoto wakiifuata mbio, ikashika barabara ya Likunja.

"Haya, mtani," alisema. "Wameshapita kona."

Bashiri alikunja macho kutazama. "Vumbi la bajaji bado naliona."

Wakalisubiri likatulia. Kisha Teodosia akafunga barakoa yake, akaingia ndani, akakagua kwa kiganja mshono wa mwisho wa turubai, na kutoka upande wa pili nikamsikia akisema, "Piga."